Kansa ya shingo ya kizazi: kwa nini daktari anaomba picha mbele ya operesheni

Familia nyingi zinashangaa. Kipande cha nyama kimekwenda laboratware, jibu limerudi kwamba ni kansa ya shingo ya kizazi, lakini daktari hapasui. Anaomba tena ekografi, skana ao IRM. Wengine wanasema ni kutafuta franga tu. Haiko hivyo.

Operesheni hii si ndogo. Ernst Wertheim aliifanya kule Vienna tangu mwaka 1898. Daktari anatosha kizazi, nyama zinazokishikilia kando-kando, sehemu ya juu ya uke, na tezi za ndani ya nyonga. Katika nyama hizo munapita mirija inayoshusha mikojo toka mafigo.

Kwa kawaida inafaa kama uvimbe haujapita sentimita 4 na ungali ndani ya shingo. Ukisha kuingia katika nyama za kando, matibabu ni radioterapi pamoja na kemoterapi. Mama akipasuliwa wakati kansa imekwisha kuvuka, radioterapi itahitajika tu, na sasa matumbo na kibofu vinaumia mara mbili. Na kwa watu wa mashariki, radioterapi mara nyingi ni safari ya kuvuka mpaka, Kigali ao Kampala.

Zamani daktari alipima kiwango cha kansa zaidi kwa mikono. Mwaka 2018 FIGO, shirikisho la kimataifa la madaktari wa magonjwa ya wanawake, lilikubali picha zihesabiwe pia, bila kulazimisha mashine fulani.

IRM inatumia sumaku, na inaonyesha vizuri kama nyama za kando zimeguswa. Skana inatafuta tezi zilizovimba, mapafu na ini. Lakini tezi yenye ukubwa wa kawaida inaweza kuficha kansa, ndiyo maana picha nzuri haimalizi mashaka yote.

Pasipo IRM, ekografi isidharauliwe. Ikipitia ukeni, mikononi mwa mutu aliyezoea, inapima uvimbe vizuri. Ikipitia tumboni inaonyesha mafigo: kama figo imejaa juu kansa imeziba murija, hiyo ni kiwango cha 3, na operesheni hiyo haifanywi tena.

Mbele ya IRM, mama aseme kama ana chuma mwilini. Mbele ya skana yenye sindano ya dawa, aseme kama ana ugonjwa wa figo. Na picha za zamani asiziache nyumbani.