Waliobeba majeruhi wa Vita ya Siku Sita

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya Kisangani, hasa karibu na daraja la mto Tshopo. Mabomu zaidi ya 6,000 yaliangukia mji. Wakaaji zaidi ya 1,000 walijeruhiwa. Waliokufa, kwa hesabu ya Umoja wa Mataifa, ni kati ya 244 na 760.

Kuokota majeruhi na kuzika maiti ilikuwa kazi ya wajitolea wa Msalaba Mwekundu. Kujitolea ni moja ya kanuni saba za shirika hilo, zilizotangazwa Vienna mwaka 1965. Kanuni nzuri, ila haijazi sufuria. Muuguzi wa A2 akirudi shuleni anakuwa A1, na cheo kinapanda. Mbeba machela, hata akibeba miaka 20, anabaki mbeba machela. Akipata kazi nyingine anaondoka, na ujuzi wake unaenda naye.

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325: 225 kwa watu walioumia na waliokufa, 40 kwa mali, 60 kwa maliasili. Kazi ya waliobeba haikuwekewa fungu.

Mwaka 2023 mapigano ya Wambole na Walengola yalifukuza familia nyingi Lubunga. Lubunga iko ng'ambo ya mto Kongo, na daraja hakuna: majeruhi anayepelekwa hospitali za Makiso lazima avushwe majini. Anayeshika machela mtumbwini mara nyingi ni mjitolea.