Mapigano ya Tanga ya 1914 na Njaa ya Mtunya Ugogo: Tathmini ya Uwezekano wa Kihistoria

Mapigano ya Tanga huelezwa kama aibu ya Waingereza na ushindi wa Luteni Kanali Paul von Lettow-Vorbeck. Makala haya yanayatazama kutoka Ugogo, mbali na pwani, ambako sehemu kubwa ya gharama ya vita ilikuja kulipwa. Swali la msingi ni hili: endapo Tanga ingetekwa, je, Wagogo wangenusurika na njaa ya Mtunya ya mwaka 1917 hadi 1920?

Uwezekano wa kutekwa ulikuwapo. Manowari ya Fox ilipofika tarehe 2 Novemba 1914, mji ulikuwa na walinzi wachache. Badala ya kushusha mara moja jeshi la watu takribani 8,000 kutoka India, Waingereza walitangaza kwanza kuvunjwa kwa makubaliano ya kutopigana, kisha wakatafuta mabomu yaliyotegwa baharini. Muda huo ulimwezesha Lettow-Vorbeck kuleta askari kwa reli kutoka Moshi. Hata usiku wa tarehe 4, vikosi vya Kijerumani vilirudi nyuma kwa kutoelewana kuhusu amri, mji ukabaki wazi. Jenerali Aitken hakuitumia nafasi hiyo. Kesho yake jeshi lake lilirudi melini.

Hata hivyo, kuiteka Tanga pekee kusingemaliza vita, kwani Reli ya Kati, inayopita Dodoma, ingebaki mikononi mwa Wajerumani. Tofauti ingejitokeza katika siasa. Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni liepushwe na vita. Ushindi wa Tanga ulimpa Lettow-Vorbeck sauti kubwa zaidi, pamoja na bunduki na risasi zilizoachwa na adui. Kushindwa kungeweza kufungua mlango wa mapatano.

Badala yake vita viliingia bara, na Dodoma ikatekwa na jeshi la van Deventer mwishoni mwa Julai 1916. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Utawala wa Kiingereza ulikadiria kuwa watu 30,000 kati ya 150,000 wa Wilaya ya Dodoma walikufa katika Mtunya.

Kutekwa kwa Tanga kusingezuia mvua kukatika. Lakini ukame haukuwa mgeni Ugogo: katika miaka mibaya, watu walihemea chakula kwa majirani kwa kubadilishana mifugo. Vita vifupi vingewaachia ng'ombe wa kuhemea na vijana wa kulima. Kwa hiyo, waliokufa katika Mtunya wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa waliokufa vitani.