Panya alituhamia kabla hatujaanza kulima

Wandugu, baridi imeanza. Hapa Dzaleka mwezi wa sita na wa saba mtu anatoka nje asubuhi kitenge kimefunika mpaka kichwa. Na usiku, ukizima taa tu, unasikia juu ya shitingi: krr, krr, krr. Wageni wamefika. Kila mwaka watu wanasema, "Panya wanakimbia baridi." Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli.

Nusu ya pili ni hii. Malawi mahindi yanavunwa mwezi wa nne na wa tano. Baada ya hapo mashamba yanabaki matupu, majani yanakauka, mengine yanachomwa moto. Wenyeji wanachimba mashimo kutafuta mbewa, wale panya wa shambani ambao mnawaona barabarani wakiuzwa kwenye vijiti. Wakati huohuo sisi tunanunua gunia la mahindi, juu bei iko chini, tunaliweka chini ya kitanda kungoja mwezi wa kwanza na wa pili ambapo bei inapanda. Kwa hiyo chakula kimehama, kimetoka shambani kimeingia chini ya kitanda. Panya amefuata chakula tu, na akifika anakuta pia kuna joto.

Mchezo huu ni wa zamani sana. Nilikuwa nafikiri panya alianza kutusumbua siku mtu alipolima shamba la kwanza. Kumbe hapana. Katika nchi ambazo leo ni Israeli na majirani zake, wataalamu walichimba makazi ya watu wa miaka 15,000 iliyopita, wakakuta meno madogo ya panya. Watu wale walikuwa hawajaanza kulima. Walikuwa wawindaji na waokota mbegu, lakini walianza kukaa pahali pamoja muda mrefu. Hiyo peke yake ilitosha. Watu walipokaa sana, panya wa nyumbani waliongezeka. Walipoanza tena kuhamahama, panya wa porini walirudi kuchukua nafasi. Wataalamu wale walikuja hata Kenya, kwenye maboma ya Wamasai, kulinganisha panya wanaoishi karibu na watu wanaohama.

Sisi wakimbizi tunaijua maana yake. Tulipokuwa njiani tunakimbia, nani alilalamika juu ya panya? Panya alianza siku tulipojenga ukuta na kuweka akiba. Ukimsikia, ujue umeshakuwa mwenyeji.

Baada ya panya akaja paka. Katika kisiwa cha Cyprus lilikutwa kaburi la mtu aliyezikwa na paka pembeni yake, la miaka kama 9,500 iliyopita. Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili. Maana yake watu walimpandisha paka kwenye mtumbwi, wakavuka naye bahari. Mtu anayehama habebi kitu kisichokuwa na faida, na hilo pia tunalijua.

Halafu kuna sehemu ya huzuni. Panya haibi unga peke yake, analeta na ugonjwa. Mwaka 1894, Hong Kong, daktari Alexandre Yersin aligundua bakteria wa tauni. Mwaka 1898, Karachi, Paul-Louis Simond akaonyesha kwamba viroboto wa panya ndio wanaompelekea mtu tauni ile. Msiseme ni mambo ya mbali: ndugu zetu wa Ituri, kule Kongo, wanaijua tauni mpaka leo. Mwaka huohuo wa 1894, Marekani, William Hooker alipata hati ya kumiliki ubunifu wa mtego wa springi, na ile mitego ya ubao na waya tunayonunua sokoni inafanya kazi kwa njia hiyohiyo.

Lakini hadithi ninayoipenda zaidi ni ya Hanoi, Vietnam, mwaka 1902. Wafaransa walikuwa wanatawala. Walijenga mitaro mizuri ya maji machafu chini ya mji, na panya wakaigeuza kuwa barabara zao, wakaingia mpaka kwenye nyumba za wakubwa. Serikali ikatangaza: leta mkia wa panya, upate pesa. Mikia ikaja maelfu kwa maelfu. Baadaye wakaanza kuona panya wanatembea mjini bila mkia! Watu walikuwa wanakata mkia na kumwachilia panya aende kuzaa wengine. Wengine walifuga kabisa. Panya hawakuisha, juu mitaro ilibaki wazi.

Nilipojifunza habari hii nilicheka, halafu nikanyamaza, maana na mimi nina Hanoi yangu. Mwaka juzi nilinunua sumu ya pakiti, nikaichanganya na unga, nikaweka chini ya kitanda. Panya wawili walikufa nikawaona. Wa tatu alitoka nje akiwa ameshakula, paka wa mama jirani akamkamata. Kesho yake paka amekufa. Mama yule hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, umeua askari wetu." Mwezi uliofuata mstari wetu mzima ulijaa panya, na gunia lake mwenyewe likatobolewa, akapoteza karibu nusu. Ni mjane, ana watoto wanne, na mahindi yale yalikuwa ya mwezi wa pili. Mpaka leo nikipita mlangoni kwake naona haya. Na tena, kama angekuwa mtoto wake aliyeokota ule unga?

Basi historia inasema nini? Inasema kuua peke yake hakumalizi. Panya jike anabeba mimba wiki tatu tu, anazaa watano, sita au zaidi, na watoto wake nao wanaanza kuzaa wakiwa na wiki kama sita. Huwezi kushindana naye kwa kuua. Walioweza ni wale waliomfungia njia na kumnyima chakula. Angalieni nkhokwe za wenyeji hapa: ghala limeinuliwa juu ya miti, halikugusa chini. Mabaharia wanaweka sahani kubwa ya bati kwenye kamba ya meli ili panya asipande. Akili ni ileile.

Na sisi tunaweza hivi. Panya wa nyumbani anapita kwenye tundu la unene wa penseli, kwa hiyo tafuta matundu kabla giza halijaingia. Usizibe kwa udongo peke yake, atautafuna. Sukuma kwanza waya wa kusugulia sufuria, halafu udongo juu. Gunia liinue kwenye matofali na mbao, liwe mbali na ukuta. Unga weka kwenye ndoo yenye mfuniko. Masufuria yasilale machafu. Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu, na mkiona wanakufa wengi kwa pamoja, mwambieni mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Na mfanye mstari mzima siku moja, maana ukifunga kwako peke yako umemhamishia jirani.

Ninyi mnaofanya kazi na mashirika, nawaomba jambo moja. Mkihesabu chakula cha familia, hesabuni na chombo cha kukitunzia. Ndoo moja yenye mfuniko inaweza kuokoa mahindi ya mwezi mzima.

Jumamosi iliyopita, vijana sita tulizunguka mstari wetu kuziba matundu. Tulianzia kwa yule mama. Alitupa chai. Halafu akanionyesha kikapu pembeni ya jiko: mtoto wa paka, mweusi, amelala. Akaniambia, "Huyu usimpe unga wako."