Amla, machungwa ya Malindi na jibu la shangazi

Huku Buffalo sisi wazima, baridi tu ndiyo inatutia adabu. Leo nataka tuongee kuhusu amla. Mwezi huu nimepata maombi matatu ya kutuma unga wa amla Tanga. La kwanza ni la binamu anayetaka nywele zirefuke, la pili la mjomba anayetaka "kinga ya mwili", na la tatu ndilo lililonifanya nikae chini niandike: shangazi ameambiwa na jirani kwamba akinywa unga huu asubuhi na jioni anaweza kuweka kando vidonge vyake vya sukari. Shangazi, shikamoo. Jibu lako liko huko chini, lakini nivumilie kidogo, kwani tunda hili lina historia inayotugusa sisi watu wa pwani.

Wengi wenu mnaijua amla kwa ile chupa ya kijani ya mafuta ya nywele ya Dabur, kampuni iliyoanzishwa Calcutta mwaka 1884. Hata mimi nilipofikia Louisville nilijua amla ya kichwani tu, ya tumboni sikuijua. Nilipohamia Columbus nikajikuta naishi karibu na watu wanaosema Kinepali, wale waliofukuzwa Bhutan wakaishi kambini Nepal na kuanza kuletwa Marekani mwaka 2008. Kwenye duka lao nikaliona tunda lenyewe kwenye friza: duara, kijani kinachoelekea njano, lina mistari sita kama limechorwa na rula. Wao huliita amala. Nilipokuja hapa Buffalo nikakuta Waburma nao wanalo, wanaliita zibyu. Mara ya kwanza kulisikia jina hilo nikadhani wanasema ubuyu! Nikageuka haraka, nikaona amla.

Ladha yake? Chukua mbirimbi, ongeza ukakasi wa zambarau bichi. Linatia meno ganzi na kukausha ulimi. Lakini ukinywa maji baada ya kulitafuna, maji yanakuwa matamu kama yametiwa sukari. Watoto wa rafiki yangu Mnepali hufanya huo kuwa mchezo.

India wanalitumia tangu zamani sana. Limo katika Charaka Samhita, kitabu cha kale cha tiba za Kihindi, na ni moja ya matunda matatu yanayotengeneza dawa iitwayo triphala. Ile chyawanprash, dawa nyeusi nzito kama jemu anayoiulizia mjomba, msingi wake ni amla. Wabudha wana simulizi kwamba mfalme Ashoka, aliyetawala karibu Bara Hindi lote zaidi ya miaka 2200 iliyopita, mwisho wa maisha yake alibaki na nusu ya tunda la amla tu mkononi, na hiyo nusu akaitoa sadaka. Na ukitazama minara ya mahekalu mengi ya Kihindu, karibu na kilele kuna jiwe la duara lenye mistari, linaitwa amalaka, yaani amla hiyo hiyo.

Sasa tuje kwetu. Sisi hatukuwa na amla, lakini uchachu tulikuwa nao! Ibn Battuta alipopita pwani yetu mwaka 1331 alikuta watu wa Mogadishu wanakula wali na mchuzi, na pembeni malimau ya achari, tangawizi mbichi na maembe. Mombasa akataja ndizi, malimau, na tunda moja tamu lenye kokwa kama zeituni, aliloandika jina lake "jammun". Wahindi mpaka leo huita zambarau "jamun". Kwa hiyo mnaona, matunda na majina yake yalikuwa yakivuka bahari pamoja na biashara karne nyingi kabla ya Mzungu kufika.

Na alipofika Mzungu, alifika mgonjwa. Januari 1498 meli za Vasco da Gama zilitia nanga mto wa Quelimane, Msumbiji ya leo, zikakaa siku 32. Baharia mmoja aliyeandika shajara ya safari ile anasema watu wengi waliugua pale, mikono na miguu ikavimba, fizi zikakua mpaka zikafunika meno, hata kula hawawezi. Hicho ni kiseyeye. Tarehe 7 Aprili wakafika Mombasa. Mfalme wa Mombasa akawapelekea kondoo, na machungwa, malimau na miwa kwa wingi. Mwandishi yule anashukuru Mungu kwamba wagonjwa wote walipona Mombasa, na sababu anayoitoa ni... hewa nzuri ya mji! Mimi muuguzi nikisoma pale nacheka peke yangu. Hewa ya Mombasa sina ubaya nayo, lakini ndugu zangu, machungwa je?

Wakati wa kurudi mambo yalikuwa mabaya zaidi. Waliondoka upande wa India Oktoba 1498 wakati upepo bado unawapinga, wakachukua miezi mitatu kasoro siku tatu kuvuka. Watu 30 wakafa kwa kiseyeye njiani. Kila meli ikabaki na mabaharia saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Tarehe 7 Januari 1499 wakafika Malindi, na safari hii kamanda akatuma mtu nchi kavu aombe machungwa, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakiyatamani sana. Yakaja kesho yake. Kwa wengi walikuwa wamechelewa, wakafia pale pale Malindi. Siku chache mbele ilibidi wachome moto meli yao moja, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Kwa nini miezi mitatu? Mwili wa binadamu hauwezi kutengeneza vitamini C. Wanyama wengi wanaweza, sisi hatuwezi. Bila vitamini hiyo, ile protini inayoshikilia ngozi, fizi na mishipa ya damu haijengwi sawasawa. Akiba ya mwili huisha kati ya mwezi mmoja na mitatu, halafu mtu anaanza kuvuja damu na vidonda vya zamani vinafunguka.

Wazungu walichukua muda mrefu kulielewa hili. Mwaka 1747 daktari James Lind aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye wawili wawili, kila jozi na tiba yake. Waliopewa machungwa mawili na limau moja kwa siku waliinuka karibu ndani ya wiki. Hata hivyo jeshi la majini la Uingereza lilikuja kuagiza maji ya limau mwaka 1795, miaka 48 baadaye! Vitamini yenyewe ilitambuliwa 1932, na Albert Szent-Györgyi wa Hungaria akapata Tuzo ya Nobel 1937. Amla nayo ilipata siku yake: wakati wa njaa ya Hisar, India, mwaka 1939 na 1940, ilitumika kutibu kiseyeye.

Kwa hiyo sifa ya amla si hadithi tupu. Chungwa lina kama miligramu 50 za vitamini C katika kila gramu 100. Vipimo vya amla vinatofautiana, lakini vingi vinafika mamia. Ila sikilizeni vizuri: mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni miligramu 75 kwa mwanamke na 90 kwa mwanaume. Mapera yana zaidi ya 200 katika gramu 100. Pera moja la uani kwa mama limemaliza kazi, na mnataka nitume unga kutoka Buffalo? Na machungwa ya Muheza yanaozea barabarani!

Jikoni nakubali, amla ni tamu ukiijulia. Mimi huichemsha mpaka vipande sita viachane vyenyewe, natoa kokwa, nakaanga mbegu za haradali kwenye mafuta, natia manjano, pilipili na chumvi, basi, achari imepatikana. Wahindi pia huipika na sukari ikawa murabba. Mchuzi wa samaki nikikosa ukwaju natia amla mbili, na mgeni hajui tofauti.

Sasa shangazi yangu. Ni kweli kuna tafiti ndogo zilizoonyesha amla inashusha sukari kidogo. Lakini kidogo si badala ya dawa. Ukiacha vidonge, sukari inapanda kimya kimya, huisikii, mpaka macho au figo au kidole cha mguu kikuambie. Na ukinywa vyote viwili bila daktari kujua, sukari inaweza kushuka mno ukaanguka. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye aulize kwanza. Murabba na chyawanprash zimejaa sukari, hizo usiguse kabisa. Tena unga wa pakiti si salama wakati wote: mwaka 2004 watafiti waliochunguza dawa 70 za Kihindi zilizouzwa madukani Boston walikuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki.

Basi shangazi, vidonge vyako uendelee navyo, na kliniki usikose. Ukitaka uchachu, kamulia ndimu kwenye kachumbari. Ukitaka vitamini, kula pera zima kama lilivyo. Na jirani mpe salamu zangu, mwambie mwanao kasema hivyo. Binamu, mafuta yako nitakutumia, hayo ya kichwani hayana neno.

Wasalaam, na mnisalimie wote.