Rangi Katika Mji wa Kifungo

Watu wengi huihesabu sanaa kuwa pambo la wakati wa raha: mtu ashibapo huimba, na apatapo nafasi huchora. Habari za Friedl Dicker-Brandeis zaonyesha kinyume cha fikira hiyo.

Mwanamke huyu alizaliwa Vienna mwaka 1898. Alisoma kwa Johannes Itten, akamfuata mwaka 1919 hata Weimar, katika chuo cha Bauhaus. Itten aliwazoeza wanafunzi wake kuvuta pumzi na kulegeza viungo kabla ya kushika kalamu, kwani aliamini kuwa mkono uliokakamaa hauwezi kutoa kilicho moyoni. Katika miaka ya 1930, mjini Prague, Friedl aliwafundisha kuchora watoto wa wakimbizi waliotoka Ujerumani. Msaidizi wake katika kazi hiyo alikuwa mwanafunzi wake, Edith Kramer.

Desemba 1942 Friedl na mumewe walipelekwa Terezín, mji wa ngome ambao Wanazi waliugeuza kuwa kifungo cha Mayahudi. Mizigo iliyoruhusiwa ilikuwa kilo 50 kwa mtu. Katika yake alitia vifaa vya kuchorea. Huko alikuta watoto waliotengwa na wazazi wao, wenye njaa, wasiojua ni nani atakayetiwa katika gari moshi liendalo mashariki. Masomo ya shule yalikatazwa, bali kuchora kulivumiliwa. Basi akapitia nyumba walimolala watoto, akawapa mapigo ya kufuatisha kwa mkono, na karatasi kuukuu za ofisi wazikate na kuzibandika. Kila mtoto alitakiwa kuandika jina lake juu ya kazi yake. Jambo hili si dogo: kwa wakuu wa kifungo mtoto yule alikuwa nambari tu.

Mwaka 1943 aliwahutubia wenzake juu ya michoro ya watoto. Alikataa haraka ya wakubwa ya kuwafanya watoto wafanane nao. Hakutaka kuzalisha wachoraji. Alitaka kuilinda nguvu ya kubuni iliyo ndani ya kila mtoto. Kwa hiyo hakuwalazimisha kuchora mateso. Wengine walichora vitanda vya ghorofa na mazishi. Wengine maua, vipepeo na meza ya chakula. Katika mahali ambapo kila jambo liliamriwa, mtoto alichagua rangi mwenyewe.

Oktoba 1944 Friedl alipelekwa Auschwitz akauawa, na wengi wa wanafunzi wake waliuawa pia. Masanduku mawili yenye michoro ipatayo 4,500 yalisalimika, na yamehifadhiwa na Jumba la Makumbusho la Kiyahudi la Prague. Kramer alikuwa amekwisha kwenda New York mwaka 1938. Akaiendeleza njia ile kwa vijana wenye taabu za nafsi, akatoa kitabu juu yake mwaka 1958, akahesabiwa miongoni mwa waasisi wa tiba ya sanaa.

Yafaa kusema kweli bila kuipamba: rangi hazikumwokoa mtoto na kifo. Anayeidai sanaa iondoe njaa, vita au dhuluma aidai isichoweza. Lakini waliopona walishuhudia kuwa saa zile ziliwarudishia utu wao. Mwalimu wa leo aliye na kijana mwenye huzuni mbele yake ana karatasi, kalamu na saa moja. Aanze kwa kumwacha achague.