Mungu wa Wayahudi wa zamani: alifikiriwa kuwa mwanaume?

"Mungu ni mwanaume, njo maana baba ni kichwa cha nyumba." Maneno haya yanasikika sana kwenye harusi. Lakini ukifungua maandiko ya Wayahudi wenyewe, jambo haliko jepesi hivyo.

Tuanze na lugha. Kwa Kiswahili, "Mungu alisema" haionyeshe kama ni mwanaume ao mwanamuke. Kiebrania inaonyesha: kitendo chenyewe kinabadilika, na kwa Mungu karibu kila mara kinakuwa cha kiume. Tena anaitwa mfalme na baba, na katika wimbo wa Kutoka sura ya 15, kisha watu kuvuka bahari, anaitwa mtu wa vita. Alama ya agano nayo, tohara ya siku ya 8 (Mwanzo 17), iliwekwa kwenye mwili wa mwanaume tu.

Hata hivyo, Kumbukumbu la Torati 4:16 inakataza kumuchongea Mungu sanamu, ikuwe ya mwanaume ao ya mwanamuke. Na Isaya 42 inashangaza zaidi. Mustari wa 13, Mungu anatoka sawa vile shujaa, anapiga kelele ya vita. Mustari wa 14, mara moja, anapiga kelele sawa mwanamuke mwenye uchungu wa kuzaa, anahema kwa nguvu. Mwandishi haone kama hapo Mungu amepunguka. Wamama wa materniti wataelewa mbio kuliko waaskari. Hata neno la huruma, rahamim, ni ndugu ya rehem, maana yake tumbo la uzazi.

Upande mugumu nao uko. Katika Hosea sura ya 2, Mungu anasema sawa bwana mwenye wivu: anatishia kumuvua muke wake nguo mbele ya watu. Mwanamuke anayepigwa nyumbani hawezi kusikia ile sura kwa moyo mwepesi, na wahubiri wengi wanaipita haraka.

Lakini kitabu hichohicho, sura ya 11, kinaonyesha Mungu anafundisha mtoto kutembea, anamubeba, anamulisha. Hasira inataka kuwaka, kisha anajizuia, na sababu anayotoa ni kwamba yeye ni Mungu, hapana ish. Ish inaweza kuwa "mtu" tu. Ila ni neno lilelile ambalo sura ya 2 inatumia kwa kusema "mume".