Windows XP: Ya kale ni dhahabu, lakini si kwenye intaneti

Mwezi uliopita safari ya ukweni ilinifikisha Kanyakine, Imenti Kusini, kaunti ya Meru. Nilitaka kuchapisha barua, nikaingia saiba ndogo hapo sokoni. Kwenye skrini nikamkuta rafiki wa zamani: kilima cha kijani chini ya mawingu meupe. Ilikuwa Windows XP, ile ile niliyojifunzia nilipokuwa nasomea diploma.

XP ni mfumo wa kuendesha kompyuta uliotolewa na Microsoft tarehe 25 Oktoba 2001. Picha ya kilima ilipigwa na Charles O'Rear huko California mwaka 1996. Mfumo huu ulikubali mashine yenye memori ya megabaiti 64 tu, ingawa 128 ndizo zilizopendekezwa. Ndiyo maana hata kompyuta za mitumba ziliubeba bila taabu.

"Mzee, hii haijawahi kuniangusha," kijana mwenye duka aliniambia. Sikumbishia. Printa yake kuukuu inaelewana nayo, na barua yangu ilitoka safi.

Taabu ilianza nilipomwomba anifungulie tovuti moja. Ukurasa ulikataa. Internet Explorer 8, toleo la mwisho kwa XP, haijui ulinzi unaotakiwa na tovuti nyingi za leo. Chrome iliacha kuihudumia XP mwaka 2016, Firefox ikafuata 2018.

Kubwa zaidi, Microsoft iliacha kuirekebisha XP kwa wateja wa kawaida tarehe 8 Aprili 2014. Mwizi akigundua ufa mpya, hakuna fundi wa kuuziba. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipofunga mafaili ya watu duniani na kudai pesa, Microsoft ilitoa kiraka cha dharura hata kwa XP. Lakini hiyo ilikuwa hisani, si ada.

Kwenye kompyuta ile nimeona nakala za vitambulisho na vyeti vya wateja. Hizo ni amana za watu. Ushauri wangu: XP ibaki kuchapa na kuprinti, ing'olewe kwenye intaneti, na kila flash ikaguliwe kwanza kwenye mashine nyingine. Nyaraka za wateja zisilale humo.

Kabla sijatoka nilimwomba afute nakala ya kitambulisho changu. Akaifuta. Kisha akazitazama zile zilizobaki, akaanza kuzifuta moja moja.